Muulize Bibi Shamba: Dawa uliyopiga shambani, nani anaimaliza?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: dawa tunazopiga shambani na kuogeshea mifugo zinaishia wapi? Nimechagua chache. Nyingine nimezijibu kwa kirefu kwa sababu zina mambo mengi, na moja nimeijibu kwa kifupi kwa sababu jibu lake ni fupi.

Katika kila jibu natazama mambo mawili: dawa imegeuka kuwa kitu gani, na imeangukia udongo gani. Wauzaji wengi wa pembejeo hujibu kwa kutazama chupa peke yake. Mimi katika kazi yangu ya ugani nimeona dawa ya chupa moja ikifanya mambo mawili tofauti kwenye mashamba yanayopakana, na barua ya pili hapa chini inaeleza kisa cha namna hiyo hasa.

Shikamoo Bibi Shamba. Nalima nyanya hapa Ilula, Iringa. Napiga dawa ya ukungu ya unga yenye mankozebu, na kantangaze wakizidi naongeza dawa ya wadudu. Mwenye duka anasema mvua ikishanyesha dawa yote imeisha, naweza kuvuna kesho yake. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Si kweli. Mvua haimalizi dawa, inaihamisha tu. Mankozebu hukaa juu ya jani na juu ya tunda, haiingii ndani. Ikinyeshewa, sehemu yake huteremka kwenye udongo, na kwenye udongo wenye unyevu huvunjika haraka: siku moja au mbili nusu yake imekwenda. Hadi hapo mwenye duka angeweza kujitetea. Lakini imevunjika ikawa nini? Mojawapo ya masalia yake ni kitu kinachoitwa kwa kifupi ETU, na hicho ndicho wataalamu wa afya wanachokihofia kuliko mankozebu yenyewe, kwa sababu huvuruga tezi ya thairoidi iliyopo shingoni, na wanyama wa maabara waliolishwa ETU walipata uvimbe wa saratani. ETU huyeyuka kwenye maji kwa urahisi. Ikibaki kwenye tabaka la juu la udongo, lenye mizizi, mboji na joto, bakteria huimaliza kwa siku au wiki chache. Ikipenya chini kupita tabaka hilo, huko viumbe ni wachache na chakula ni haba, nayo hukaa sana.

Kwenye tunda hakuna udongo wa kuivunja. Mankozebu iliyobaki kwenye ganda la nyanya ikipikwa, sehemu yake hugeuka ETU ndani ya sufuria. Ndiyo maana nasisitiza nyanya zioshwe kwa maji mengi kabla ya kukatwa, na mkulima asivune kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoongeza muda wa idhini ya mankozebu. Kwetu bado iko madukani, basi uangalifu unabaki mikononi mwetu.

Sasa dawa ya wadudu. Nyingi zinazopigwa kwenye nyanya, kama profenofosi, ni za jamii ya oganofosfeti. Molekuli zake zina kiungo kimoja dhaifu, na kiungo hicho kikikatwa, sumu yake kwa mdudu na kwa mtu hupungua sana. Maji yenye alkali hukikata taratibu. Bakteria wenye kimeng'enya kinachofaa, yaani kifaa chao cha kukatia, hukikata kwa kasi ya ajabu.

Kuhusu bakteria hao kuna kisa cha Ufilipino ninachopenda kuwasimulia wakulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga cha Los Baños, majaruba yalikuwa yakitiwa diazinoni, dawa ya wadudu ya jamii hiyohiyo, tena na tena. Watafiti wakagundua kwamba kila iliporudiwa ilidumu muda mfupi zaidi. Kumbe ndani ya maji ya majaruba walikuwa wameongezeka bakteria wanaoikata. Mwaka 1973 walitangaza kumtenga mmoja wao, wa jenasi ya Flavobacterium. Baadaye jeni ileile ikakutwa ndani ya bakteria wa aina nyingine kabisa huko Marekani. Dawa za jamii hii zilianza kuenea mashambani miaka ya 1940 tu. Kwa muda mfupi hivyo viumbe wasioonekana kwa macho walikuwa tayari wana kifaa cha kuzikata, na walikuwa wakipeana.

Lakini viumbe hao wako ardhini. Kwenye nyanya inayokwenda sokoni hawapo wa kukusaidia. Huko kinachofanya kazi ni jua, muda na mmea wenyewe. Dawa ikiwa inapungua nusu kila siku 7, baada ya siku 14 inabaki robo, baada ya siku 21 inabaki sehemu moja kati ya nane. Haifikii sifuri ghafla kwa sababu wingu limepita. Nakuomba kwa moyo wangu wote: nyanya za Ilula zinaliwa na watoto wa Dar es Salaam na Dodoma ambao hawana namna ya kujua ulipiga lini.

Bibi Shamba, salamu kutoka Babati. Mwaka jana nilipiga dawa ya magugu ya atrazini kwenye mahindi, mvua ikakatika mapema. Msimu uliofuata nilipanda maharage, yakaota vizuri, kisha yakawa manjano pembeni mwa majani na kufa. Jirani yangu analia kinyume: anasema atrazini hiyohiyo kwake haishiki tena, magugu yanaota kabla mahindi hayajafika magotini. Nani kauziwa dawa feki?

Huenda hakuna kati yenu aliyeuziwa feki, mwanangu.

Atrazini ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa muda mrefu wataalamu waliihesabu kuwa dawa ngumu kuliwa: ina pete ya kaboni na naitrojeni yenye atomu ya klorini imeganda pembeni, na bakteria waliojulikana waliweza kuinyofoanyofoa kingo zake tu. Kisha mwaka 1995 watafiti wa Minnesota, Marekani, walichapisha habari za bakteria waliyempata kwenye udongo wa mahali palipomwagika atrazini nyingi. Wakampa jina Pseudomonas ADP. Huyo huanza kwa kung'oa ile klorini. Kilichobaki baada ya hatua hiyo moja hakiui magugu tena, na hung'ang'ania udongo badala ya kutiririka na maji. Baadaye huvunjwa pete nzima, na naitrojeni yake inakuwa chakula cha bakteria. Maelekezo ya kutengeneza vimeng'enya vya kazi hiyo yako kwenye kipande cha jeni ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine, hata wa ukoo tofauti.

Matokeo yake yakaonekana kwenye mashamba ya mahindi ya Marekani: palipopigwa atrazini miaka mfululizo, udongo ulijifunza kuimaliza. Muda wa kupungua nusu, ambao kawaida huhesabiwa kuwa wiki nyingi, ulishuka hadi siku chache. Jirani yako kama hupanda mahindi juu ya mahindi, na hupiga atrazini kila msimu, amewalisha bakteria hao kwa miaka. Dawa yake inaliwa kabla haijafanya kazi.

Kwako mambo yalikuwa kinyume. Mvua ilikatika, udongo ukakauka, na kwenye udongo mkavu bakteria husinzia. Udongo ukiwa na alkali, kama ulivyo sehemu nyingi za bonde la ufa, atrazini hudumu zaidi tena. Dawa ikalala na kiangazi, mvua iliporudi ikaamka pamoja na maharage yako. Na dalili ulizoandika zinaafikiana na atrazini: mche huota kwa akiba ya mbegu, kisha unapoanza kutegemea majani yake kutengeneza chakula, majani ya chini huungua kutoka ukingoni.

Kabla jirani hajahukumu, atazame magugu yenyewe. Kama yanaota ya kila aina kwa pamoja, mapema, basi huenda udongo unaila dawa. Kama ni aina moja tu inayobaki huku nyingine zinakufa, hayo ni magugu yaliyozoea dawa, na hilo ni tatizo jingine lenye tiba nyingine.

Wewe, kabla ya kupanda maharage tena, chukua udongo wa shambani sehemu kadhaa, uchanganye, ujaze makopo. Jaza makopo mengine udongo wa kona isiyowahi kupigwa dawa. Panda maharage humo, mwagilia sawasawa, subiri wiki tatu. Ukiona ya shambani yanaungua na yale mengine yamesimama, panda mahindi au mtama mwaka huu. Makopo hayo ni kipimo cha kuaminika kuliko maneno ya mtu yeyote, pamoja na mimi. Jirani naye aingize zao jingine na palizi ya jembe kwa msimu au miwili, bakteria wale wapungue.

Mama, shamba la kahawa la marehemu baba yetu huku Kibosho lilipigwa mrututu miaka mingi kwa ajili ya chulebuni na kutu ya majani. Tumeng'oa kahawa, tunataka mboga. Mrututu umeshaoza?

Hapana, na hautaoza. Mrututu ni shaba. Bakteria wanaweza kuvunja molekuli, lakini shaba ni elementi, haina kitu cha kuvunjwa. Iliyoanguka enzi za baba yenu bado ipo, nyingi ikiwa kwenye sentimita za juu. Pelekeni udongo maabara mpime shaba na pH (kipimo cha tindikali na alkali) kabla ya kununua mbegu. Ikiwa imezidi, samadi iliyoiva na chokaa ya kilimo huifunga isidhuru mizizi michanga wala minyoo ya ardhi. Haitoki, inatulia tu, na mkiuacha udongo urudi kuwa wa tindikali itaamka.

Bibi Shamba, sisi wa Masasi tunapulizia salfa kwenye mikorosho kila msimu kuzuia ubwiri unga. Wataalamu wametuambia salfa ni kitu cha asili, haina madhara. Mbona karanga na mahindi chini ya mikorosho yananyong'onyea?

Salfa kweli ni ya asili, na kwa mtu haina sumu kali ingawa inawasha macho na kifua. Lakini tazama inakokwenda. Unga unaopulizwa na mashine alfajiri, mwingi hauishii kwenye maua, unashuka ardhini. Huko kuna bakteria wa jamii ya Thiobacillus ambao riziki yao ni salfa. Wanaichoma kwa oksijeni kupata nguvu, na wanachotoa ni tindikali ya salfuriki. Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya salfa ikigeuzwa yote hutoa takriban kilo 3 za tindikali hiyo, na kuizima kunahitaji takriban kilo 3 za chokaa safi ya kilimo.

Udongo wa kichanga wa kusini hauna akiba ya kuhimili hilo. Utafiti uliofanywa huko kusini miaka ya 1990 ulionyesha kwamba upuliziaji wa salfa unaongeza tindikali ardhini. Mkorosho huvumilia udongo wa tindikali, kwa hiyo mwenye mikorosho haoni tatizo kwa muda mrefu. Karanga na mahindi hayavumilii: aluminiamu iliyokuwa imelala kwenye udongo huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi.

Hapa basi viumbe wa udongo wamefanya kazi yao barabara, na kazi hiyo ndiyo imewaumiza. Sikubaliani na yeyote anayesema kitu kikishaliwa na bakteria kimekuwa salama. Pimeni pH chini ya mikorosho na nje ya shamba mlinganishe. Ulizeni kituo cha utafiti cha Naliendele kuhusu viuakuvu vya maji mnavyoweza kupokezana na salfa, na muwekeze kwenye chokaa pale mnapolima mazao ya chakula.

Shikamoo mama. Mimi ni mfugaji, upande wa Chalinze. Josho letu la kijiji tulijaza dawa ya amitrazi, maji bado mengi lakini baada ya muda mfupi kupe hawafi. Mzee mmoja anasema tumwage humo mbolea ya kupandia, ameisikia mahali. Tufanye?

Marahaba. Msimwage chochote kwanza.

Josho ni makazi mazuri ya bakteria kuliko shamba. Lina maji, lina joto, na kila ng'ombe anaingia na kinyesi, mkojo, nywele na tope. Amitrazi huvunjika upesi humo, hasa maji yanapochafuka na alkali yake kushuka. Ndiyo maana baadhi ya amitrazi za josho hutengenezwa zitumike pamoja na chokaa iliyozimwa, inayopandisha pH hadi karibu 12, mahali ambapo bakteria hawaishi na dawa inatulia. Nyingine haziendi na chokaa, hutaka dawa mpya iongezwe kwa utaratibu wake. Kibandiko cha dawa yenu ndicho kitakachosema mko upande gani.

Habari ya mbolea aliyosikia mzee ina ukweli, ila si wa dawa yenu. Mpakani mwa Texas na Mexico, Idara ya Kilimo ya Marekani huogesha ng'ombe kwa dawa nyingine, kumafosi, ili kuzuia kupe wa homa wasivuke. Majosho yao yalipata shida kama yenu: dawa ilipungua nguvu kwa sababu bakteria walikuwa wameizoea na kuila. Tena kwenye tope la chini, pasipo hewa, viumbe wengine waliing'oa klorini na kuacha kitu kiitwacho potasani, ambacho kinaweza kuwadhuru ng'ombe. Dawa ya tatizo hilo ikawa kutia mbolea ya fosfeti, ambayo hushusha pH na kuwanyima bakteria nafasi. Kwa kumafosi, kushusha pH. Kwa amitrazi, kushusha pH ni kuimaliza kabisa. Mngemsikiliza mzee mngemwaga fedha za kijiji.

Kitu kimoja kilichotoka kwenye majosho ya Texas kinanifurahisha: watafiti walichukua bakteria walewale waliokuwa kero na kuwatumia kusafisha maji machafu ya josho yanapotolewa. Kwetu maji hayo huachiwa korongoni. Tafadhali msifanye hivyo, samaki na wadudu wa majini hufa kwa kiasi kidogo mno cha dawa hizi.

Fanyeni hivi: wekeni kidimbwi cha kunawia miguu kabla ya ng'ombe kuingia, ondoeni tope la chini kwa ratiba, na kabla ya kulaumu maji, mwombeni afisa mifugo apime kama kupe wenu wamekuwa sugu. Tena, kama josho lenu ni la zamani, ulizeni historia yake. Majosho ya Afrika Mashariki yalianza na aseniki, kisha ikaja toksafeni. Aseniki ni kama shaba ya mwenzenu wa Kibosho, haiozi. Pembeni mwa josho la namna hiyo hapafai mboga wala kisima.

Bibi Shamba, mimi ni mama wa watoto wadogo, mkoa wa Pwani. Karibu na kwetu kulikuwa na ghala la dawa za serikali, likabomoka zamani. Mvua ikinyesha bado inanuka. Watu wanachunga mbuzi pale na mwingine amepanda maboga. Miaka yote hii si udongo umeshasafisha?

Dada yangu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nakujibu bila kukutisha lakini bila kukuficha.

Mkoa wako una mfano unaojulikana, shamba la Vikuge karibu na Kibaha. Mwaka 1986 lilipokea mzigo wa viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, sehemu yake ikiwa imeshapitwa na muda. Mzigo ukakaa, ghala likachakaa, dawa zikamwagika. Mabaki yaliondolewa baadaye. Hata hivyo watafiti waliopima udongo na kuchapisha matokeo mwaka 2004 walikuta mahali ambapo hadi 28% ya udongo wa juu ilikuwa DDT na masalia yake. Huo si udongo wenye dawa, ni dawa yenye udongo.

Kwa nini bakteria hawakuimaliza? DDT, ambayo Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948, ilipendwa kwa sababu inadumu. Ina atomu tano za klorini, haiyeyuki kwenye maji, hujificha kwenye mafuta na mboji. Pale penye hewa, viumbe huigeuza DDE, na wakifika hapo wengi hukwama, nayo DDE hudumu kuliko hata mama yake. Pasipo na hewa, kama kwenye tope, hugeuka DDD. Kwenye shamba la kawaida lililopigwa DDT kidogo, jua letu na joto letu husaidia, na miaka inapunguza. Kwenye ghala lililobomoka kiasi ni kikubwa mno hata viumbe wenyewe hufa. Hakuna wa kula.

Maboga yaondolewe mara moja. Si mimea yote inayonyonya DDE kutoka ardhini, lakini jamii ya maboga huinyonya kuliko mazao mengi na kuipandisha shinani na kwenye tunda. Mbuzi nao huikusanya kwenye mafuta, ikatoka kwenye maziwa. Kuku wanaoparua pale huitoa kwenye mayai. Watoto wasicheze hapo, wala msichimbe udongo wa kujengea, wala msichome takataka juu yake, kwani moshi wa vitu vyenye klorini una sumu mbaya zaidi.

Andikeni barua kupitia serikali ya kijiji kwenda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yake Ngaramtoni, Arusha, na nakala kwa NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Ombeni udongo na maji ya visima yapimwe, na pazungushiwe uzio. Shehena za viuatilifu chakavu zimewahi kukusanywa nchini na kupelekwa nje kuchomwa kwenye matanuri maalumu, kwa hiyo ombi lenu si jipya kwao. Msikate tamaa barua ya kwanza isipojibiwa. Andikeni ya pili.

Hujambo Mama? Mimi ni mkulima wa Mwea, Kenya. Kuna vijana wanatembeza chupa za "bakteria wa kusafisha udongo", bei si haba. Je, ninunue? Na maji ya kuoshea bomba la kupulizia dawa nimwage wapi? Sasa hivi namwaga kando ya mfereji.

Sijambo, ndugu yangu. Nianze na la pili kwa sababu ndilo la haraka: acha leo kumwaga kando ya mfereji. Palepale unapojazia na kuoshea bomba ndipo uchafuzi mwingi huanzia, kuliko hata shambani, kwa sababu dawa inadondoka nzitonzito mahali pamoja kila wiki. Maji ya kusuuzia bomba na chupa, suuza mara tatu, na upige maji hayo juu ya zao lilelile.

Kwa yanayodondoka, kuna njia ambayo ningeshauri kikundi chenu mjaribu. Wasweden waliianzisha mwaka 1993: shimo la kina cha kama sentimita 60, chini limesakafiwa udongo wa mfinyanzi, juu yake mchanganyiko wa nusu majani makavu ya nafaka, robo mboji ya vinamasi vya kwao na robo udongo wa shambani, kisha nyasi zinaoteshwa juu. Bomba linajaziwa na kuoshewa hapo juu. Majani makavu ndiyo moyo wa jambo hili. Yana lignini, kile kinachoyafanya magumu, na kuvu wanaoweza kuvunja lignini hutoa vimeng'enya visivyochagua sana: vikishatoka, huvunja pia dawa nyingi zilizo karibu. Mboji hushika dawa isipenye chini, udongo huleta bakteria, nyasi hunyonya maji ya ziada na kukuonyesha kwa kunyauka pale panapozidiwa. Njia hii imeenea nchi nyingi, na Guatemala waliifanyia kazi kwa vitu vinavyopatikana kwao. Nyinyi wa Mwea mna mapumba na majani ya mpunga hadi mnayachoma. Badala ya mboji ya vinamasi, tumieni mboji iliyoiva vizuri.

Changanyeni, mloweshe kiasi, muache mchanganyiko uive mwezi mmoja au miwili kabla ya kuanza kuutumia. Pawe mbali na kisima, mfereji na mteremko wa maji, pawe na paa jepesi la kuzuia mvua kubwa, na uzio wa kuzuia watoto na kuku. Shimo hili ni la matone na maji ya kuoshea, si la kutupia dawa iliyobaki kwenye chupa, na dawa za shaba zisioshewe hapo, kwa sababu zitajikusanya na kuua kuvu mnaowahitaji. Mchanganyiko utadidimia kila mwaka, ongezeni majani. Baada ya miaka kadhaa ukichoka, utoeni, mrundike chini ya turubai mwaka mzima na kuuweka na unyevu, ndipo muusambaze kwenye miti ya mbao, si kwenye mboga.

Kuhusu chupa, mimi nisingenunua. Bakteria aliyekuzwa maabara akimwagwa kwenye udongo asiouzoea hukutana na wenyeji wengi wenye njaa, na mara nyingi hufa kabla hajafanya alicholetewa. Hata yule wa atrazini niliyemtaja hapo juu hawezi kitu mbele ya dawa ya magugu ya paraquat, ambayo ikigusa udongo wa mfinyanzi hunaswa ndani ya tabaka zake mahali ambapo hakuna bakteria anayeifikia. Waulize vijana hao maswali matatu: huyu bakteria anakula dawa gani kwa jina, anaiacha ikiwa nini, na nani amempima kwenye udongo mweusi wa Mwea. Wakikujibu yote matatu kwa karatasi, niandikie tena unitumie nakala, nitaisoma.